Mahali pa Kukaa

Maneno ya katekista kwa waamini na walimu, Mwigobero

Mapadre wetu, masista, walimu wenzangu, wazee wa parokia, akina mama wa mwaloni, na ninyi mliovuka kwa kivuko toka Kinesi asubuhi hii: nimepewa kazi ya kusema neno katika siku hizi za jubilei, nami nilipouliza niseme juu ya nini, nikajibiwa ya kwamba niseme lo lote lifaalo. Basi nimechagua jambo lisilo tamu sana kwa siku ya sikukuu. Wengine wamekwisha kuwasimulia jinsi mapadre wa kwanza walivyofika Nyegina mwaka 1911, na jinsi wamisionari wa Maryknoll walivyokuja mwaka 1946, na jinsi Jimbo letu la Musoma lilivyosimamishwa mwaka 1957. Habari hizo ni njema, na ni halali yetu kuzifurahia. Lakini jubilei, kadiri ya desturi ya Waisraeli wa kale, haikuwa sikukuu ya kuhesabu miaka tu. Katika mwaka ule, aliyepoteza shamba lake alirudishiwa, na aliyekuwa mtumwa alirudi kwa jamaa yake. Ilikuwa sikukuu ya kurudishana nyumbani. Basi nauliza: katika mji wetu huu ni nani asiye na kwao, hali amezaliwa papa hapa?

Nitasema juu ya ndugu zetu wenye ualbino.

Nasema neno hili Mwigobero kwa sababu Mwigobero ni mwalo. Hapa mitumbwi hutua alfajiri, hapa dagaa huanikwa, hapa wanaume hukaa kivulini wakishona nyavu na kupiga soga. Na nyote mwaijua habari iliyonong'onwa katika mialo mingi ya ziwa hili, ya kuwa nywele za mtu mwenye ualbino zikisukwa ndani ya wavu, wavu hujaa samaki. Wachimbaji wa dhahabu nao waliambiwa ya kwao, kwamba mfupa wake huonyesha mwamba ulipo. Sitasema ni nani hapa aliyepata kuyasadiki maneno hayo. Mungu anajua, na mwenyewe anajua.

Mvuvi ni mtu wa matumaini. Huenda majini usiku asijue atarudi na nini, na nyumbani amewaacha watoto wanaongoja. Mtu wa namna hiyo, akirudi mikono mitupu siku tatu, ni rahisi kudanganywa. Lakini ninyi mnaoijua kazi yenu, niambieni: samaki wamepungua kwa sababu gani? Je, si kwa sababu ya nyavu zenye macho madogo mno, zinazochukua watoto wa samaki kabla hawajazaa? Je, si kwa sababu ya makokoro yanayoburutwa katika mazalia, na kwa sababu mitumbwi ni mingi kuliko zamani? Na sangara, aliyetiwa katika ziwa hili katika miaka ya 1950 na 1960, je, si yeye aliyewala furu ambao babu zetu waliwajua kila aina kwa jina lake? Mambo haya hayahitaji ramli. Wala mimi, niliyezaliwa katika nyumba ya mvuvi, sijapata kumwona mganga aliyeingia mtumbwini usiku wa mawimbi akashika kasia. Yeye hukaa nchi kavu, na samaki wake ni mvuvi mwenyewe.

Lakini uongo huu haukubaki kuwa maneno ya kivulini. Tangu mwaka 2006 na 2007 ulienea katika mikoa inayozunguka ziwa, na watu waliingia nyumba za wenzao usiku na mapanga mikononi. Umoja wa Mataifa ulipohesabu, mapema mwaka 2015, uliona kwamba tangu mwaka 2000 zaidi ya watu 70 wenye ualbino walikuwa wameuawa katika nchi yetu; na wengine walikatwa viungo wakabaki hai. Wafu nao hawakupewa raha. Makaburi yalifukuliwa, hata jamaa nyingine zikawazika wapenzi wao kwa siri, au zikafunika kaburi kwa saruji. Shirika la Msalaba Mwekundu lilitoa taarifa mwaka 2009 ya kuwa viungo vya mtu mmoja viliweza kufikia bei ya dola 75,000 za Kimarekani. Tafakarini neno hilo. Mvuvi wa Mwigobero hana fedha hizo, wala akichanga pamoja na baba yake na babu yake hazipati. Basi mnunuzi hakuwa mtu maskini. Alikuwa mtu wa viatu vizuri, na labda kanisani alikaa katika mabenchi ya mbele.

Serikali haikunyamaza. Mwaka 2008 Rais Kikwete alimteua Bibi Al-Shaymaa Kwegyir, mwenye ualbino, kuwa mbunge. Na mwaka 2010 watu wa Lindi walimchagua Bwana Salum Khalfani Bar'wani kwa kura zao wenyewe, naye pia ana ualbino. Watu walihukumiwa mahakamani. Mwezi wa Januari mwaka 2015 wapiga ramli walipigwa marufuku. Mauaji yakapungua, na wengi tukasema, yamekwisha. Ndipo mwaka 2024, ng'ambo ya ziwa, katika Wilaya ya Muleba, mtoto wa kike wa miaka 2 alinyakuliwa nyumbani kwao mwishoni mwa mwezi wa Mei, na mwezi wa Juni akaokotwa maiti, amekatwa viungo. Watu tisa walishitakiwa. Miongoni mwao alikuwamo baba mzazi wa mtoto, na mtumishi mmoja wa Kanisa. Hukumu ni kazi ya mahakama, si yangu. Lakini sisi wa kanisani hatuwezi kusema ya kuwa jambo hili ni la wapagani wa mbali.

Sasa niseme juu ya mambo madogo, maana panga halitokei pasipo kitu. Kwanza huja jina. Watu walimwita zeruzeru, jina lenye harufu ya mzimu. Vijana wa mitaani wakazidi, wakamwita "dili", yaani biashara, na kumpigia kelele hivyo apitapo njiani, nao wakacheka. Kisha likaja neno la kuwa watu hawa hawafi, bali hupotea tu. Nimekwisha kuwaonyesha kwa nini mazishi yao hayakuonekana: walizikwa usiku kwa hofu. Kwanza twawatia watu hofu ya kuzika mchana, kisha twauliza mbona hatuoni makaburi yao!

Na juu ya kuzaliwa kwao, sikilizeni vema, hasa ninyi wanaume. Ualbino hautoki kwa mama peke yake, wala si laana, wala hauambukizi, wala si alama ya kuwa mama alikwenda kwa Mzungu. Mbegu yake hubebwa na baba na mama wote wawili, nao wenyewe ni weusi kama sisi, hawajui kwamba wameibeba, kwa kuwa waliirithi kwa babu na bibi zao. Wawili wa namna hiyo wakioana, kila mimba ina nafasi moja katika nne ya kumzaa mtoto mwenye ualbino. Katika nchi yetu yakadiriwa kuwa mmoja katika watu 1,400 hivi huzaliwa hivyo. Ulaya ni mmoja katika watu 17,000 hata 20,000. Basi mwanamume amwachaye mkewe kwa sababu hii, amkimbia mtu asiye na kosa, na ile mbegu anakwenda nayo mwenyewe mwilini mwake.

Nimeyasema hayo kwa sababu ya mama mmoja wa parokia hii. Sitamtaja. Anauza dagaa, na wengi wenu mmenunua kwake. Mumewe alipomwona mtoto alisema maneno mawili, akachukua wavu wake akaenda visiwani, na mpaka leo hajarudi. Yule mtoto alilelewa na bibi yake, mchana ndani, jioni uani. Alipotimiza umri wa mafundisho ya Komunyo ya kwanza, bibi alimleta darasani kwangu amemfunika kanga kichwa kizima, hata nikadhani ni mgonjwa. Akakaa karibu na mlango. Watoto wenziwe walikuwa wakisoma wawili wawili katika kitabu kimoja. Benchi lake likabaki na mtu mmoja. Mama mmoja mjamzito aliyekuja kumchukua mwanawe alipomwona alijitemea mate kifuani, apate kuepukana na mtoto wa namna ile. Yule binti aliona. Watu hudhani mtu asiyeona mbali haoni kitu.

Wazee wa jumuiya walikutana. Wengine walisema, na walisema kwa nia njema, ya kuwa mtoto huyu apelekwe mbali, katika shule ya bweni yenye ulinzi. Mnajua ya kuwa katika miaka ile ya mauaji, tangu mwaka 2008 hivi, serikali iliwakusanya watoto wengi katika shule za namna hiyo: Buhangija mjini Shinyanga, Mitindo katika Wilaya ya Misungwi, Kabanga katika Wilaya ya Kasulu. Msinisikie vibaya. Shule hizo ziliokoa roho za watu, na walimu na walezi waliokaa na watoto wale, katika mabweni yaliyojaa kupita kiasi, wana thawabu yao. Lakini mama wa mtoto aliketi kwa kimya mpaka wazee walipokwisha kusema, kisha akauliza neno moja: "Mkimpeleka, mtamrudisha lini?"

Hakuna aliyejibu. Ndugu zangu, mimi nimefundisha katekisimu miaka mingi, nami nimeulizwa juu ya Utatu Mtakatifu na juu ya moto wa milele, lakini sijaulizwa swali gumu kama hilo.

Maana habari za shule zile twazijua. Watoto walipelekwa wangali wadogo, wengine hawajui kutaja jina la kijiji chao. Ilidhaniwa watakaa mwaka mmoja au miwili, hata hatari ipite. Miaka ikapita. Likizo ilipofika, watoto wengine wa shule walichukuliwa na wazazi wao, nao wakabaki wakitazama lango. Wako wazazi walioogopa, wako waliokuwa maskini wasiwe na nauli, na wako waliosahau kwa sababu kusahau kulikuwa rahisi. Ukuta huzuia panga, nausifu ukuta. Lakini mtoto aliyekaa ndani ya ukuta miaka kumi husoma somo moja ambalo hakuna mwalimu aliyelifundisha, ya kuwa dunia ina watu, naye si mmoja wao. Na watoto waliobaki kijijini nao husoma somo lao, ya kuwa mtu wa namna ile si wa kukaa naye.

Tazameni jinsi Bwana wetu alivyofanya na mkoma. Sheria ya kale ilimtaka mkoma akae nje ya kambi na kupaza sauti apate kujulikana. Bwana angaliweza kumponya kwa neno moja tokea mbali, kama alivyomponya mtumishi wa yule akida. Lakini alinyosha mkono akamgusa, hali bado ni mkoma. Kumgusa kulitangulia kupona. Kisha hakumwacha aende zake tu, bali alimtuma kwa kuhani, kwani kuhani ndiye aliyekuwa na amri ya kumrudisha mtu kati ya watu. Pasipo hivyo angalikuwa mtu mwenye ngozi safi, akaaye nje ya kambi. Je, huko kungeitwa kupona?

Basi mahali pa kukaa pamoja na wenzako si zawadi apewayo mtu baada ya kupona. Mahali hapo ni sehemu ya dawa yenyewe. Wala sisemi kwa mfano tu. Nasema juu ya mwili. Ngozi ya mtu mwenye ualbino haina kinga ambayo sisi tumepewa bure. Jua la saa sita, ambalo kwetu ni joto tu, yeye humchoma, na kuchomwa miaka mingi huzaa donda liitwalo saratani ya ngozi. Ugonjwa huu umewaua watu wenye ualbino katika nchi yetu wengi kuliko waliouawa kwa mapanga, na wengi walikufa kabla ya kufika miaka 40. Lakini donda hili likionekana likiwa dogo, daktari hulikata, na mtu huenda zake mzima. Sasa niambieni, nani atakayeliona likiwa dogo? Lipo nyuma ya sikio, au shingoni, mahali ambapo mwenyewe hajioni. Huonwa na mwenzake aliyeketi nyuma yake darasani, au na jirani anayemsuka nywele, au na mtu anayefuatana naye kwenda kisimani.

Ng'ambo ya ghuba hii palikuwa na kijana aliyefichwa na ndugu zake. Walimficha kwa upendo. Nawaheshimu kwa hilo. Alikaa ndani ya nyumba miaka ya hatari yote, na ilipopungua akaendelea kukaa, kwa maana hakuwa na rafiki wa kumwita nje. Kidonda shingoni kilitiwa majani mwaka wa kwanza, kikatiwa majani mwaka wa pili. Alipotolewa kikiwa kama ngumi, waganga wa hospitali hawakuwa na la kufanya ila kumpunguzia maumivu. Tulimzika mchana, na watu walikuja wengi. Wengi wao walikuwa hawajapata kumwona hai.

Narudi kwa yule binti. Baada ya swali la mama yake, mzee mmoja mvuvi, mtu asiyesema sana, alisema, "Njia ya kwenda shuleni ni fupi. Tuigawane." Basi jumuiya iliandika zamu. Kila juma nyumba mbili humpeleka asubuhi na kumrudisha alasiri, pamoja na watoto wao wenyewe, wala hakuna atembeaye nyuma kama askari. Hutembea kundi moja. Siku za kwanza watu walichungulia. Baada ya mwezi walizoea. Baada ya mihula miwili watoto waligombana ni nani atembee karibu naye, kwa sababu anajua hadithi nyingi, maana alikaa na bibi yake miaka yote ile asiwe na kazi nyingine ila kusikiliza. Na ni mtoto mwenziwe aliyesema siku moja, "Mwalimu, ana kidonda hapa hakiponi." Akapelekwa hospitali juma lile lile. Kilikuwa kidogo kama punje ya mtama. Leo pana kovu tu.

Nataka kusema neno juu ya huruma, kwa sababu neno hili tunalitumia sana, hata limechakaa kama sarafu. Katika Kiswahili twasema "kumwonea mtu huruma". Lakini ukiondoa lile neno la mwisho, ukasema "kumwonea mtu", maana yake imekuwa kumdhulumu. Yaani kati ya mambo hayo mawili pana neno moja tu, na mara nyingi twaliangusha njiani. Tajiri amtupiaye mtu noti asimtazame usoni, husema amemwonea huruma. Kikundi kijacho mara moja kwa mwaka na sabuni na unga, kikapiga picha pamoja na watoto, kikaenda zake kabla ya chakula, nacho husema vivyo hivyo. Sikatai sabuni, sabuni yafaa. Lakini sijamwona mtu aliyepona upweke kwa sabuni. Huruma ya kweli ina miguu, na hasa ina matako ya kukaa. Mnisamehe, masista. Nasema ni ile iketiyo katika benchi lile lenye mtu mmoja.

Hapo Ukerewe, kisiwa ambacho watu wa Majita hukiona kwa macho, watu wenye ualbino ni wengi, nao walijiunga pamoja. Akaja kwao Mmarekani mmoja aitwaye Ian Brennan, ambaye kazi yake ni kunasa nyimbo, akawataka watunge na kuimba nyimbo zao wenyewe kwa Kiswahili na kwa lugha ya nyumbani. Wengi walimwambia ya kuwa hawajapata kuimba mbele ya watu. Tangu utoto walikatazwa wasiimbe, na wengine hata kanisani. Nyimbo zile zilitolewa mwaka 2017, na wengine wao walisafiri mpaka Uingereza wakaimba mbele ya maelfu. Nafurahi kwa ajili yao. Walakini neno lile "hata kanisani" lilinikosesha usingizi. Mtu alipaswa kwenda Uingereza aambiwe ya kuwa sauti yake ni sauti, na kanisa lenye ngoma na kinanda lilikuwa mlangoni pake!

Na sisi wa Mara tusiseme hatukujua njia. Kabla maaskofu wa Afrika Mashariki hawajaamua, mwaka 1976, kwamba jumuiya ndogo ndogo ziwe msingi wa kazi ya Kanisa, huko Nyarombo kwa ndugu zetu Wajaluo watu walikuwa wamekwisha kuanza kusali na kusaidiana kwa vikundi vya jirani, katika miaka ya 1960. Jambo hili lilianzia mkoani kwetu. Jumuiya haikuanzishwa ili kukusanya zaka wala kujaza daftari. Ilianzishwa ili nyumba kumi zijuane hata mtu mmoja asipotee. Nanyi mnazo hizo nyumba kumi. Mkutanapo juma hili, pamoja na masomo na sala, ulizeni: katika nyumba hizi ni nani asiyetoka nje, na kwa nini? Mtashangaa. Huenda mkapata mtu mwenye ualbino. Huenda mkapata mwenye kifafa aliyefungwa chumbani, au msichana aliyekimbia kukeketwa huko Tarime au Serengeti, akajificha kwa shangazi asijulikane. Habari ya hao ingehitaji siku yake.

Kwenu walimu nasema kwa ufupi, kwani mwaijua kazi kuliko mimi. Mtoto mwenye ualbino mara nyingi haoni mbali, na mwanga mkali humwumiza macho. Huo si uvivu wala ujinga. Akae mbele, upande usiopigwa na jua la dirishani, naye akisogea mpaka ubaoni msimrudishe. Andikeni kwa herufi kubwa, na msome kwa sauti mnayoandika. Katika mitihani ya taifa karatasi zenye maandishi makubwa zipo kwa wanafunzi wasioona vizuri, lakini lazima shule iombe mapema. Mwacheni avae kofia pana na mikono mirefu, hata kama si sare. Kazi za shamba na adhabu za nje saa sita mchana zisimpate. Yapo mafuta ya kuzuia jua yanayotengenezwa Moshi kwa ajili yao hasa. Waulizeni waganga wa hospitali jinsi ya kuyapata, na msiyahifadhi ofisini katika kabati lenye kufuli! Na kama hamjui mtaanzaje, nendeni Mwisenge, si mbali, katika shule ile aliyoanzia Mwalimu Nyerere mwaka 1934. Huko wako wenzetu wenye ujuzi wa kuwafundisha watoto wasioona na wenye uoni hafifu. Kumwuliza mwenzako si aibu.

Nanyi wavuvi, sina la kuongeza ila hili. Siku mtu atakapokuja mwaloni na kikaratasi kilichokunjwa, akasema ndani yake mna nywele na bei yake ni kiasi fulani, msimcheke tu na kumwacha aende mwalo mwingine. Zile nywele zina kichwa zilikotoka. Mshikeni, mkamwite mwenyekiti wa mtaa na polisi.

Mwisho, tangazo moja kutoka kwa mwalimu wa kwaya. Yule binti niliyemsema ameomba kuingia kwaya ya watoto, na mwalimu amemsikia akamkubali, kwa sauti ya pili. Kwa hiyo mazoezi ya Jumamosi hayatafanyika tena uwanjani chini ya mlingoti saa nane, kama ilivyokuwa. Yatakuwa saa kumi na moja, ndani ya kanisa. Wazazi wanaoona saa hiyo ni mbaya kwa ajili ya dagaa, waje waseme na mwalimu baada ya Misa, tutafute saa nyingine isiyo na jua.

Tumsifu Yesu Kristo.